Nani Anasimulia Hapa? Hadithi Ndani ya Hadithi katika Metamorphoses

SWALI: Mimi ni mtunzi wa tenzi, na kwa sasa ninasoma katika tafsiri Metamorphoses, utungo wa Ovid, mshairi wa Roma ya kale, kuhusu watu na viumbe wanaogeuzwa maumbo. Kila baada ya kurasa chache ninapotea: kisa kimoja kinaanza, kinaingiliwa na kingine, ndani yake anazungumza mtu mwingine tena, na mwishowe sijui anayesimulia ni nani. Je, huo ni uzembe wa mshairi au ni mbinu? Na kama ni mbinu, inafanyaje kazi?

JIBU: Ni mbinu, na kwa maoni yangu ndiyo inayoubeba utungo mzima. Katika mistari ya mwanzo kabisa Ovid anawaomba miungu wamsaidie kuuongoza wimbo usiokatika, tangu chimbuko la ulimwengu hadi zama zake mwenyewe. Ahadi hiyo ni nzito, kwa sababu anavyo visa vipatavyo 250, vilivyoenea katika vitabu 15 na mistari inayokaribia 12,000, wala hana shujaa mmoja wa kuviunganisha kama Virgil, mshairi wa Kirumi aliyemtangulia, alivyokuwa na Aeneas katika Aeneid. Kinachobaki kushikilia kazi ni viungo kati ya kisa na kisa, na viungo hivyo mara nyingi ni vinywa vya watu wanaosimuliana.

Tazama Kitabu cha 1. Daphne, binti anayekimbizwa na mungu Apollo, amegeuka mti: kifua chake kimefunikwa na gome jembamba, na mguu uliokuwa na kasi punde tu umenaswa katika mizizi mizito. Mito yote inamwendea baba yake, Peneus, ambaye naye ni mungu wa mto, bila kujua kama impongeze au impe pole. Mmoja tu hakufika, naye ni Inachus, aliyejificha pangoni akimlilia binti yake Io aliyepotea. Kwa kutumia mgeni ambaye hakuja, mshairi ametuvusha hadi kisa cha Io, nasi tumekwisha kuingia humo kabla ya kuhisi kwamba tumehama.

Io amegeuzwa ng'ombe na kuwekwa chini ya ulinzi wa Argus mwenye macho 100. Mercurius, mjumbe wa miungu, anatumwa amuue mlinzi huyo, naye anajifanya mchungaji, anakaa kando yake na kupiga filimbi ya matete. Argus anauliza chombo hicho kimetoka wapi. Mercurius anaanza kumsimulia habari za Syrinx, binti wa misituni aliyewakwepa wote waliomtaka, mpaka siku Pan, mungu wa wachungaji, alipomwona na kumwambia maneno haya... Hapo usimulizi unakatika, kwa kuwa macho yote ya Argus yamefumba. Ovid anaandika *restabat verba referre*, yaani yalibaki maneno ya kusimuliwa, kisha yeye mwenyewe anatumalizia kwa ufupi: jinsi Syrinx alivyokimbia hadi mtoni, akageuka matete, na pumzi ya Pan ikatoa sauti ndani yake.

Mahali hapo panastahili kusomwa polepole. Sauti ya Mercurius na sauti ya Ovid zinapokezana ndani ya mstari mmoja, nusu ni ya huyu na nusu ni ya yule. Wewe mtunzi wa tenzi utaona mara moja kwa nini jambo hilo linawezekana kwake kwa urahisi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, na kina cha bahari, yaani kile kinachorudiwa utenzi mzima, hufunga mlango kila mwisho wa ubeti, ilhali mstari wa Kilatini wa masimulizi hupimwa kwa nyayo sita za silabi ndefu na fupi, hauna vina wala beti, na sentensi hupita juu ya mwisho wake bila kizuizi. Isitoshe, kisa cha Syrinx kinafanana sana na kile cha Daphne tulichotoka kukisoma: mungu anafukuza, binti anakimbia, mmea unazaliwa. Argus analala kwa hadithi ambayo sisi tunaitambua, na usingizi huo unamgharimu maisha, kwani Mercurius anamkata kichwa papo hapo. Hadithi hapa ni silaha.

Kwa hiyo ninakushauri, kila unapopotea, usiulize tu nani anasimulia, bali anamsimulia nani na anataka nini kwake. Katika Aeneid, Aeneas anasimulia maanguko ya mji wake wa Troy na safari zake kwa vitabu viwili vizima mbele ya malkia Dido, na Dido anapomaliza kusikiliza moyo wake umekwisha kutekwa. Ovid alijifunza hapo, kisha akaongeza tabaka.

Mfano ulio tajiri zaidi ni Kitabu cha 10. Orpheus, mwimbaji aliyempoteza mkewe Eurydice mara mbili, anaketi akiwaimbia miti na wanyama, na karibu kitabu chote kilichobaki ni wimbo wake. Kisa cha Pygmalion, mchongaji aliyewachukia wanawake na kupenda sanamu yake ya pembe za ndovu, kinatoka katika kinywa cha mfiwa aliyekwisha kuwakataa wanawake. Ukikisoma kana kwamba ni Ovid anayesema moja kwa moja, uchungu wa msimulizi utakupita. Mbele kidogo, ndani ya wimbo huohuo, Venus, mungu wa mapenzi, anamsimulia Adonis, kijana anayempenda, jinsi Atalanta na Hippomenes walivyogeuzwa simba, ili kumwonya asiwinde wanyama wakali. Hapo tuko ngazi ya tatu: Ovid, Orpheus, Venus. Adonis hasikii onyo, na nguruwe mwitu anamuua.

Soma kitabu hicho ukiwa na penseli, na pembeni mwa kila kisa uandike majina mawili, la msimulizi na la msikilizaji. Ukifika Kitabu cha 11, ambako Orpheus anauawa na wanawake ambao sauti yake haikuweza kuwatuliza, kwa kuwa kelele za ngoma na filimbi zao ziliizima, rudi nyuma usome tena kisa cha Pygmalion.