Jibu: Riwaya zinamsaidia nini mtu mzima?

Mkuu, umeuliza mtu mzima anapata nini kwenye riwaya ilhali ni mambo ya kubuni. Mimi nakujibu kwa Rosa Mistika, riwaya ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi (1971), ile iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Wengi huisoma kama habari ya Rosa, msichana aliyeharibika. Nilipoirudia nikiwa tayari nina binti aliyevunja ungo, macho yangu yalimgandia Zakaria, baba yake Rosa. Baba mlevi, nyumba imemshinda, lakini binti akikutwa na barua ya mvulana anageuka hakimu wa maadili, na kipigo juu. Rosa anaondoka nyumbani Ukerewe akijua kumwogopa mwanamume tu, halafu tunashangaa dunia ikimchezea!

Kina Zakaria ninao mtaani: simu ya binti inakaguliwa kila jioni, wa kiume anarudi saa sita usiku na hakuna wa kumuuliza. Na kina mama wa aina ya Regina, mama yake Rosa, wavumilivu hadi basi, ndio tunaowasifia misibani. Takwimu za mimba za wanafunzi ningezisoma na kuzisahau. Kile kipigo sijakisahau.

Ila kama unatafuta cha kukuliwaza, usianze nayo. Mwisho wake unauma.