Cyrodiil Ilikuwa Msitu wa Mvua, na Nitaeleza Tena

Juzi usiku msomaji mmoja wa Tanga alinitumia ujumbe. "Kaka, wameniondoa kwenye kundi kwa sababu ya Cyrodiil. Nimeleta ushahidi wakanicheka. Wewe uliwezaje?" Cyrodiil ni nchi iliyo katikati ya Tamriel, bara la kubuni la gemu za The Elder Scrolls (Daggerfall, Morrowind, Oblivion, Skyrim na nyingine), na ubishi ni kama zamani ilikuwa msitu wa mvua au la. Ujumbe wake nimeusoma mara kadhaa. Maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe wakati ule, kwa hiyo namjibu hapa, na wengine mlio kama yeye mpate.

Tangu Oblivion Remastered itoke Aprili 2025, ubishi huu umerudi na nguvu mpya. Vijana waliofunguliwa mlango wa Tamriel na Skyrim sasa wanatoka kwenye mtaro wa maji machafu wa gereza la Imperial City, wanaona ziwa, nyasi na magofu meupe ng'ambo, halafu mtu anawaambia hapa palikuwa msitu mnene wa mvua. Wanadhani wanataniwa. Hawataniwi. Kijitabu kilichotoka pamoja na gemu ya Redguard mwaka 1998, Pocket Guide to the Empire, kinaieleza Cyrodiil kuwa nchi ya msitu wa aina hiyo. Miaka minane baadaye Oblivion ikatuletea mialoni na nyasi, kama Ulaya. Nani mkweli?

Mimi swali hilo nililiuliza kwenye kundi la WhatsApp la wacheza gemu wa Afrika Mashariki. Niliingia mle na furaha ya mtu aliyepata watu wake, kwa sababu mtaani kwetu kila mwenye gemu anacheza mpira, na ukitaja Nerevar, shujaa wa kale wa Morrowind, mtu anakuuliza anachezea timu gani. Niliandika maelezo marefu, kwa adabu. Jamaa mmoja aliyekuwa anaheshimika sana pale akanijibu kwa mstari mmoja: tatizo langu ni Kiingereza, habari hizi si za watu wanaosoma kwa kubahatisha. Watu wakajaza vikatuni vya kucheka chini yake. Hata wale niliokuwa nawasaidia kupakua gemu walicheka. Sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau.

Nilitoka mle nikaanza kusoma. Kila kitabu nilichokiokota ndani ya gemu, hata kile kinachoonekana cha kujaza rafu tu, nilikifungua hadi ukurasa wa mwisho. Hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho wabishi wengi hukipita mbio kwa sababu wana haraka ya kumaliza misheni. Mankar Camoran, kiongozi wa madhehebu ya Mythic Dawn, ameandika juzuu nne ambazo gemu inakulazimisha uzitafute. Katika juzuu la tatu, katikati ya maneno ya mafumbo, anasema wanaoijua siri iitwayo CHIM wanaweza kuifinyanga ardhi upya, na anakuambia uitazame nchi ya Mfalme Mwekundu iliyokuwa msitu zamani. Mfalme huyo ni Talos, yaani Tiber Septim, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Septim ambaye baadaye aliabudiwa kama mungu. Sasa nenda Skyrim, mji wa Whiterun, usimame mbele ya sanamu ya Talos umsikilize mhubiri Heimskr anayepiga kelele kutwa nzima. Wengi humkimbia. Mimi nilisimama. Ndani ya mahubiri yake Talos anawaambia askari wake kwamba ameona jinsi wanavyouchukia msitu, na kwamba anaibadilisha nchi kwa ajili yao.

Tazama uzito wake. Camoran ni adui wa ukoo wa Septim, wafuasi wake ndio waliomuua mfalme Uriel. Heimskr anamwabudu Talos hadharani wakati ibada hiyo imepigwa marufuku. Mmoja anauchukia ukoo wa Talos, mwingine anampenda Talos kufa, na wote wawili wanatoa habari ile ile. Mashahidi wa pande mbili zinazopigana wakikubaliana, una jambo mkononi.

Nilirudi kundini na skrinshoti zangu, nikaeleza hivyo hivyo kwa Kiswahili, bila tusi hata moja. Kulikuwa kimya muda mrefu. Kisha admini akaubandika ujumbe wangu juu kabisa ya kundi. Bado upo. Yule jamaa hakuwahi kusema neno la samahani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usilete "gemu inasema". Gemu haisemi. Kuna mtu ndani ya gemu anasema, ana jina, ana upande, ana anachokitaka. Uliza nani anasema.

Nitakupa mfano mwingine kwa sababu najua utakutana nao. Daggerfall ya mwaka 1996 ina miisho kadhaa, kulingana na nani unamkabidhi totemi, kifaa chenye nguvu kubwa. Ukimpa huyu, mchawi wa wafu Mannimarco anakuwa mungu. Ukimpa yule, Waorc, jamii moja ya Tamriel, wanapata ufalme wao. Watengenezaji walipotaka kuendelea na hadithi ilibidi wachague mwisho mmoja, na wao wakachagua yote. Mwaka 417 wa Enzi ya Tatu wakati wenyewe ulivunjika, kila mwisho ukatokea kwa pamoja, na vijifalme vingi vya Iliac Bay, eneo la gemu hiyo, vikaamka vimekuwa vinne: Daggerfall, Sentinel, Wayrest na Orsinium. Habari zake utazipata ndani ya Oblivion kwenye kitabu The Warp in the West. Ndiyo maana katika Oblivion hiyo hiyo unamkuta Mannimarco pangoni, mtu wa nyama na kanzu yake, unampiga anakufa, huku angani upo Mwezi wa Necromancer ambao wachawi wake wanauabudu kuwa ndiye yeye. Watu huniandikia kwamba hili ni kosa la waandishi. Mimi naona ni ujasiri mkubwa kuliko wote katika gemu hizi. Waliheshimu uamuzi wa kila mchezaji aliyekaa na Daggerfall hadi mwisho.

Lakini usigeuke mtu wa kutetea kila kitu. Elder Scrolls Online ilipotoka mwaka 2014 ilituweka Enzi ya Pili, kabla Tiber Septim hajazaliwa, na Cyrodiil yake ina mialoni vilevile. Basi Talos aliubadilisha msitu gani? Hoja hiyo waliniletea, na ni hoja nzito. Ndani ya gemu hiyo kuna kitabu ambamo wanazuoni wanabishana kuhusu suala hili hili, tena mmoja anadai neno "msitu" lilitokana na makosa ya kunakili tu. Mimi nilikisoma kama watengenezaji wanaokiri kwamba tatizo lipo. Studio ilibadili mawazo, na waandishi wakaachiwa kazi ya kushona palipochanika. Ukweli huo useme mwenyewe kabla hajakusemea mpinzani.

Na ndugu zangu, sisi tunashindwaje katika jambo hili? Tumekulia na Fumo Liyongo. Huyu anakuambia aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe, yule anakuambia ni mpwawe, na bado hakuna anayesema masimulizi yameharibika. Ndivyo ilivyo kwa Nerevar katika Morrowind. Hekalu linasema alikufa kwa majeraha baada ya vita vya Red Mountain. Watu wa jangwa la majivu wanasema Vivec, Almalexia na Sotha Sil, wale wanaoabudiwa na Hekalu hilo, walimuua, wakajitwalia uungu. Muulize Vivec mwenyewe, naye atakujibu kwa namna yake, na huyo ni mungu mwenye mengi ya kupoteza. Nani anasema? Anatetea nini? Mtu aliyelelewa na bibi wa Lamu au Pangani ana sikio la mambo haya tangu utotoni, na asikubali kuambiwa Kiingereza chake hakitoshi.

Acheni kubishana kwa video za dakika kumi za watu wengine. Someni wenyewe. Acheni kucheka wageni, maana mnaua wapenzi wa kitu mnachodai kukipenda. Msimwondoe mtu kundini kwa sababu ameleta swali lililowashinda.

Wewe wa Tanga, usiwaombe wakurudishe. Fungua juzuu la tatu la Camoran, piga picha ukurasa ule wa msitu. Nenda Whiterun mchana, msikilize Heimskr mpaka afike mahali pa Talos na askari wake, piga picha maandishi yanapotokea chini. Ongeza ukurasa wa kile kitabu cha Online, ili wasiseme umekificha. Andika maelezo yako kwa Kiswahili, taja gemu na juzuu, kisha nitumie. Nitayaweka hapa kwa jina utakalolichagua, na wale waliokuondoa watayasoma kama wasomaji wengine.