Mbona alichelewa kukamatwa?

SWALI: Dada, mimi na mke wangu tunapenda sana stori za kweli za wanawake wauaji. Juzi tumesikia ya Mary Ann Cotton wa Uingereza, sasa mtu anazikaje mume, watoto, mume mwingine, watoto tena, na majirani wanakuja tu kutoa pole? Hakuna aliyeshtuka? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kaka yangu, walishtuka wamechelewa sana. Zama zile kule kaskazini mwa Uingereza, kwenye vijiji vya migodi ya makaa, watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara na kutapika kila siku, na aseniki, sumu aliyotumia, inaua hivyohivyo, kwa hiyo daktari anakuja anaangalia anaandika homa ya tumbo, imeisha. Sumu yenyewe haikuwa kitu cha kuficha, watu walinunua dukani wakaichanganya na sabuni kuulia kunguni wa kitanda. Halafu yeye alishawahi kuwa nesi, na alikuwa anahamahama, anaolewa upya, jina linabadilika, nani angehesabu makaburi?

Aliyemfichua ni Thomas Riley, ofisa wa parokia pale West Auckland. Mwaka 1872 Mary Ann alilalamika kwake kwamba mtoto wa kambo, Charles Edward, miaka 7, anamzuia kuolewa, akaongeza kwamba hatasumbuliwa naye muda mrefu. Siku chache baadaye mtoto kafa! Riley akaenda polisi. Na hata hapo uchunguzi wa kwanza ulisema kifo cha kawaida, ila daktari alikuwa kaweka sampuli za tumboni, kuja kupima, aseniki. Wakili wake akamtetea eti sumu imetoka kwenye rangi ya kijani ya ukutani. Mary Ann alinyongwa gerezani Durham, Machi 24, 1873, kwa kifo cha huyo mtoto mmoja tu, japo wengi wanakisia waliokufa ni kama 21.

Wengi walikuwa watoto, na hilo ndo linaniuma, maana hizi stori zinamsimulia yeye mpaka wimbo wakamtungia lakini wale watoto hata majina hatutajiwi.

Mume wa tatu, James Robinson, alipona. Mary Ann alikuwa anamlazimisha akate bima ya maisha, jamaa akakataa, halafu akagundua mke ana madeni ya siri na anawatuma watoto wakaweke vitu vya ndani rehani. Akamfukuza.