Abiria 18,000 kwa mwaka, mbona uwanja wa ndege si wa daraja kuu (primary)?

Kwa sababu FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, huhesabu wanaopanda ndege tu, wanaoshuka hawamo. Kwenye 18,000, kwa kawaida wanaopanda ni kama 9,000, na daraja kuu linataka zaidi ya 10,000 kwa mwaka wa kalenda, pamoja na safari za ratiba. Kuanzia 2,500 bado ni uwanja wa biashara, ila mgao wa fedha za shirikisho ni mdogo. Ndiyo maana shirika la ndege likipunguza safari Novemba na Desemba, uwanja ulio karibu na kiwango cha 10,000 huumia sana. Vitovu vikubwa, yaani viwanja vyenye abiria wengi zaidi, hupimwa kwa asilimia: 1% au zaidi ya wote wanaopanda ndege nchini.