Mtoto kapimwa masikio ni mazima ila darasani haelewi: jibu langu

Dada wa Uyole, umesema kijana wako wa darasa la tatu kapimwa masikio mkaambiwa mazima, lakini kila ukimtuma lazima aulize "eeh?" na mwalimu anasema ni mkaidi. Ngoja nikujibu kirefu maana na mimi niko hivohivo mpaka leo na ndevu zangu.

Kile kipimo cha kuvaa hedifoni na kubonyeza ukisikia mlio kinafanyika chumba kimya, kinaangalia kama sauti ndogo inakufikia, basi. Ubongo unaichambuaje ikishafika hakigusi kabisa. Sasa kuna sisi ambao sauti inafika vizuri tu ila kuichambua ndo kazi, kwa Kiingereza wanaita auditory processing disorder, hasa kukiwa na kelele, pata unasikia bata, fua unasikia vua, afu ukipewa maagizo matatu kwa mpigo unabaki na la mwisho. Mi nimesoma Tukuyu, na anayeijua Tukuyu anaijua mvua yake, darasa la bati halina silingibodi, ikianza kunyesha mwalimu naona mdomo tu unacheza, wenzangu wanaokoteza maneno wanaelewa, mi patupu. Siku za jua nilijibu maswali vizuri tu, ndo maana walimu wakaona najifanya.

Kwa hiyo mwangalie kwenye ukimya NA kwenye kelele. Mtume usiku redio imezimwa, afu siku nyingine mtume mkiwa Mwanjelwa sokoni, tofauti ikiwa kubwa umepata cha kumwambia daktari. Kama nyumbani mnaongea Kinyakyusa angalia na huko, maana akikielewa vizuri hata kwenye makelele afu anakwama Kiswahili tu, hiyo ni habari ya lugha. Mtajie daktari pia kama alikuwa anatoka usaha masikioni mara kwa mara utotoni, na kama hatulii au kusoma kunamsumbua, hivi vitu mara nyingi vinaongozana na vinafanana kwa nje. Anzia idara ya masikio, pua na koo hospitali ya rufaa. Vipimo vyenyewe kwa kawaida ni kuanzia miaka 7, anasikilizishwa maneno tofauti kulia na kushoto kwa wakati mmoja, au maneno yenye kelele nyuma, ila wataalamu wa hivyo ni wachache mno.

Dawa ya kunywa au ya kudondoshea hakuna. Na kuna mtu kakushauri umtie mafuta ya moto sikioni, tafadhali usithubutu.

Nyumbani mwite jina kwanza, akuangalie, ndo umwambie, kitu kimoja kimoja. Usimuulize "umeelewa?" atasema ndiyo, mi nilikuwa nasema ndiyo mwalimu kwa kila kitu, mwambie arudie ulichomtuma. Ukubwani unajipangia mwenyewe, mi nauza spea na mteja akitaja vitu vitano naandika palepale, wa kupiga simu namwambia tuma meseji, wengine wananiona naringa, shauri yao.

Ukienda kwa mwalimu usiende na jina la ugonjwa, mtabishana bure. Omba vitu vinavyofanyika tu, dawati la mbele mbali na dirisha la barabarani, na kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni isiwe ya kutajwa mdomoni kengele ikishalia. Nenda kabla mvua za Novemba hazijaanza.