Wenzetu wanahesabu saa, sisi tunaonyesha gredi

Wiki iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Tabata, alikuja binti wa jirani na bahasha ya kaki. "Shikamoo dada. Mama kasema wewe njia ya kwenda kufanya uuguzi Ujerumani ulishaipita." Akamwaga vyeti vyake mezani: cheti cha kidato cha nne, stashahada ya uuguzi, matokeo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Vyote vimepigwa laminesheni, vinang'aa kama menyu ya hoteli. Nilicheka, halafu nikaona haya, maana changu nilikifanyia hivyohivyo. Muhuri haushiki kwenye nailoni. Nilikaa jioni nzima na wembe nabandua, na kona moja ikaondoka nayo.

Huku Dar kila mtu anakutisha na Kijerumani. Ni kigumu kweli, na ili usajiliwe kama muuguzi kamili kwa kawaida utadaiwa B2, yaani ngazi ya lugha ya mtu anayejieleza bila shida. Lakini darasa la Goethe, taasisi ya Kijerumani pale Upanga, lina ratiba, mwalimu na tarehe ya mtihani. Makaratasi hayana ratiba.

Anayepitia faili lako kuona kama uuguzi wako utambuliwe ni ofisi ya jimbo la Ujerumani unalokwenda, na GPA haimshughulishi sana. Analinganisha mafunzo yako na ya kwao: miaka 3, angalau saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Sasa angalia transkripti yako. Somo, gredi, basi. Hakuna panaposema ulikaa wodi ya watoto saa ngapi.

Mimi nilidaiwa maelezo hayo nikiwa nimeshaacha kazi. Chuoni kwangu nilikwenda mara nne. Ya kwanza, anayehusika yuko semina. Ya pili, andika barua ya maombi. Ya tatu, barua iko kwa mkuu. Ya nne nikapewa karatasi moja: "amehitimu mafunzo yake kikamilifu", muhuri mkubwa juu. Ahsanteni, lakini nilifuata saa.

Nikarudi nyumbani, nikachukua mtaala tuliosomea na kile kitabu cha mazoezi tulichokuwa tunasainiwa wodini, nikachora jedwali mwenyewe: somo, saa za darasani, saa za vitendo, wodi ipi, hospitali ipi. Nikalipeleka chuoni walilinganishe na faili langu, wasahihishe, wasaini kila ukurasa. Siku mbili tu likawa tayari! Kumbe hawakuwa wabaya, hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa kuhesabu. Kwa hiyo usiende mikono mitupu kuomba waandike. Ila usijiongezee hata saa moja, faili lako wanalo.

Majina nayo. Kama cheti cha kidato cha nne kina mawili na pasipoti ina matatu, malizana na wakili kabla ya kutafsiri chochote kwa Kijerumani, kwani tafsiri ikirudiwa unalipa upya.

Barua yangu ya majibu ilipotoka ofisi ya jimbo ilisema nimepungukiwa, hasa kwenye utunzaji wa wazee. Nililia nikijua nimefeli. Bibi zetu tunawatunza nyumbani, nani angetufundisha hayo kwa mamia ya saa? Kumbe barua ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa, na inakupa njia mbili: kozi ya kujazia pengo au mtihani wa kupima ujuzi. Viza ya kwenda kujazia pengo ipo. Nilichagua kozi. Mshahara wa kipindi hicho ni wa msaidizi, nao unauma.

Na wakala akikutajia bei ya "njia ya haraka" ya kushughulikia utambuzi na viza, muulize vizuri. Ipo kweli, lakini anayeiomba ni mwajiri kule kule Ujerumani kwa idhini yako, na ada yake serikalini ni yuro 411.

Binti kaondoka na nakala ya jedwali langu. Kesho asubuhi anakwenda chuoni kwao. Nimemwambia abebe na kalamu, ile ya kaunta imefungwa kamba na haiandiki.