Maswali ya Wasomaji: Milima Kwenye Reli ya Mfano

SWALI: Nimetandaza reli ya mfano ya uwiano wa 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko reli halisi) juu ya ubao wa sentimita 240 kwa 120, nami natamani kuipandisha mlimani na kuipitisha handakini. Kilima nilichokianza kwa jasi tupu kimekuwa kizito mno, na kichwa cha treni huteleza kikianza kupanda. Nifanyeje?

JIBU: Tuanze na mpando, kwa kuwa ndio unaokula nafasi. Wajenzi wengi hawapendi kuzidisha mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita ya njia. Na ili treni za uwiano wako zipishane juu na chini, reli ya juu yapaswa kuinuka kama sentimita 8, kwa hiyo utatumia mita 4 kupanda na 4 nyingine kushuka. Mzunguko mmoja wa ubao wako hautoshi. Kwa maoni yangu, iache reli katika usawa mmoja na uibadilishe ardhi: kata kipande cha ubao kando ya njia, ushushe bonde chini ya daraja, kisha upandishe kilima upande wa pili. Mtazamaji ataona nchi ya milima, ilhali treni inakwenda tambarare.

Kilima chenyewe kiwe chepesi. Panga tabaka za povu gumu (kama lile jepesi la kufungashia vyombo vya umeme), uziunganishe kwa gundi nyeupe ya mbao (gundi zenye kemikali kali huliyeyusha), uchonge kwa kisu, kisha ufunike kwa bandeji za jasi kama zile za kufungia mfupa uliovunjika. Reli izibwe kwanza kwa utepe.

Miamba ndiyo kazi tamu. Mimina jasi kwenye foili ya alumini iliyokunjwakunjwa, ibandue ikishashika, uigandishe kilimani. Ipake maji yenye rangi nyeusi kidogo, uyaache yatuame kwenye nyufa; yakikauka, pitisha kwenye kingo brashi iliyo karibu kavu, yenye rangi ya kijivu hafifu, nawe utaona kila ufa ukijitokeza.

Kabla ya kufunika handaki, pitisha humo behewa lako refu kuliko yote, maana kwenye kona tumbo lake huingia ndani na ncha zake hutokeza nje. Nyuma ya kilima acha tundu la kupitisha mkono, upate kusafisha reli na kuinua behewa lililoanguka.